Kifuniko

Pikapu ya Baba iliniacha mara ya kwanza
kwenye mwinuko wa kuelekea Samad,
magunia tisa ya majani mabichi nyuma, na mbuzi wa watu.
Haikukohoa, haikutoa moshi.
Ilipungua tu, kama mtu anayesahau alichokuwa akisema.
Nikakanyaga mafuta hadi bati,
sindano ikateremka: themanini, hamsini, ishirini,
kisha kimya, na mbuzi akauliza swali lake.

Nikamenya chungwa.
Nilipotema kokwa ya mwisho nikazungusha ufunguo.
Ikawaka, macho makavu,
kama si yenyewe.

Sinaw, mtaa wa mafundi, Rafiqul akafungua boneti.
Kiarabu chake cha gereji, changu cha shule,
tukakutana katikati kwa vidole.
Plagi, akasema. Tukabadili plagi.
Koili: ikipata moto hufa, ikipoa hufufuka.
Tukabadili koili, na kwenye kilomita ya ishirini
nikamenya chungwa.
Chujio akalitoa, akalipuliza kwa kinywa,
akatema petroli mchangani. Safi.
Kabureta ikalala kwenye sinia vipande vipande
kama samaki wa mtu asiyejua kula samaki.
Pampu mpya, riyali kumi na nne.
Mwinuko uleule. Chungwa.

Ami Seif akasema uza.
Jirani akasema petroli ina maji.
Shemeji, ambaye hajapata kushika spana,
akasema gari la marehemu halimtaki mwanamke.
Nikamwambia basi aje alisukume.

Mimi nina daftari. Nyuma ya hesabu za majani
nikaandika: Jumapili, tangi nusu, kilomita thelathini na moja.
Jumanne, tangi robo, sikukwama.
Alhamisi nimejaza pomoni: kilomita tisa.
Nikaitazama Alhamisi ile hadi usingizi ukakata tamaa.
Gari gani hili, linalokufa kwa shibe?

Rafiqul akasoma daftari, akarudia kusoma,
akafunga boneti.
Akapanda nyuma kwenye majani, akagonga paa: endesha.
Ilipoanza kupungua akagonga tena.
Nikasimama, injini inatetemeka, inakata roho.
Akaruka chini, akashika kifuniko cha tangi kwa mikono miwili,
akakizungusha.

Fyuuuuu.

Pumzi ndefu, ya kuingia, si ya kutoka.
Na injini ikarudi kwenye sauti yake
kama aliyetolewa mto usoni.

Kifuniko kina tundu, dogo la sindano,
la kuingiza hewa pale mafuta yanapoondoka.
Letu lilizibwa kwa gundi nyeusi,
na juu ya gundi, alama ya dole gumba.
Mwaka ule wadi ulipofurika hadi uani
Baba aliyaogopa maji.
Gundi ile alinituma mimi dukani.

Basi miaka yote hiyo aliendeshaje?
Nikauona mkono wake kwenye kituo cha mafuta:
nusu mzunguko tu, na kikofi kidogo.
Hakukaza. Hakumwambia mtu.
Aliziba kosa moja, akaweka jingine juu yake,
na yote mawili yakapatana.

Mimi ndiye niliyekaza.
Tangu wiki ya mazishi, kila nilipotia mafuta,
nilikaza mpaka kiwiko kikauma,
maana kitu cha marehemu hutunzwa.

Rafiqul akatafuta sindano ya kushonea turubai,
akatoboa pembeni. Dole gumba akaliacha.
Akataka nusu riyali.

Mwinuko wa Samad tuliupanda kwa gia ya tatu,
mbuzi hana swali,
na machungwa mawili kwenye kiti cha pili
yakibingirika kila kona,
hayajamenywa.